Maji na Oili Chini ya Boti: Tafuteni Yanakotoka Kabla ya Kuita Fundi

Boti ya kikundi ikianza kuingiza maji, mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa kalafati. Injini ikianza kupungukiwa na oili, mtu wa kwanza kushukiwa ni nahodha. Mara nyingi wote wawili hawahusiki. Fundi analipwa, anapigilia pamba kwenye mbao ambazo hazikuwa na shida, na baada ya wiki moja maji yako palepale. Nahodha naye anaitwa mbele ya kamati aeleze oili ya kikundi inaenda wapi, na kumbe oili yenyewe imelala chini ya injini, ikielea juu ya maji ambayo hakuna mtu aliyeyaangalia.

Makala haya yanahusu boti zenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani, kama zile za abiria na mizigo zinazosafiri kati ya Lamu na Faza. Kama injini yenu ni ile ya kuning'inizwa nyuma, yale yatakayosemwa kuhusu mbao na maji yatawafaa, lakini ya oili hayawahusu sana.

Mahali penyewe ni ngama, yaani pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika. Kila tone linaloanguka ndani ya boti hatimaye hufika hapo: maji ya bahari, maji ya mvua, maji ya kupoza injini, oili ya injini, oili ya gia, dizeli, hata maji ya barafu ya samaki. Yakishachanganyika yanakuwa tope jeusi lenye harufu mbaya, na hakuna anayetaka kuliangalia. Watu huyafua kwa ndoo asubuhi, wanamwaga baharini, safari inaanza. Boti zenye pampu ya umeme ndizo zina hatari zaidi, kwa sababu pampu inajiwasha yenyewe na hakuna anayejua imetoa maji kiasi gani. Siku betri inapokufa ndipo mnajua.

Tone moja la maji kila sekunde linaonekana kitu kidogo. Kwa siku nzima linafika kama lita 4. Hilo halizamishi boti. Lakini mpira wa maji ya kupoza injini ukichomoka pale unapoungana na bilula iliyo chini ya boti, mambo ni mengine kabisa. Tundu lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji, linaweza kuingiza kama lita 60 kwa dakika moja. Hiyo ni mitungi mitatu ya lita 20 kila dakika. Hakuna mtu mwenye ndoo atakayeshindana na maji hayo kwa muda mrefu, hasa usiku na abiria wakipiga kelele. Na mara nyingi mpira huo hauchomoki bila dalili. Huwa umeanza kwa tone moja moja, mahali ambapo taa haifiki.

Kausheni kwanza

Huwezi kujua maji mapya yanatoka wapi kama maji ya zamani bado yapo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukausha na kusafisha, na inachukua asubuhi nzima ya watu wawili au watatu. Zimeni injini, tenganisheni waya wa betri, fungueni vifuniko vyote hewa ipite. Msiingie na koroboi wala sigara. Dizeli haishiki moto upesi, lakini ikiwa kuna mtungi wa petroli uliowahi kumwagika humo, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na unakaa chini kabisa ukingoja cheche. Tumieni tochi.

Msimwage tope hilo baharini. Litieni kwenye mitungi, tutaona baadaye la kufanya nalo. Kisha futeni mbao na sehemu ya chini ya injini kwa matambara, maji ya moto kidogo na sabuni, mpaka muone chuma na rangi. Angalieni vile vitundu vilivyokatwa chini ya mataruma ili maji yapite kuelekea nyuma. Vikizibwa na takataka, magamba ya samaki au vipande vya kamba, maji hubaki katikati ya boti na mtu akiyaona anadhani ubao wa hapo ndio umetoboka. Vizibueni kwa waya.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri husahau. Injini nyingi za boti hazikai sawasawa. Zimelala kidogo kuelekea nyuma ili shafti ifike kwenye propela. Boti yenyewe ikiwa safarini nayo huinua omo na kukalisha tezi. Kwa hiyo maji na oili vyote vinateremka kuelekea nyuma. Pale mnapoona dimbwi si pale panapovuja. Panapovuja ni juu zaidi au mbele zaidi, na kazi yenu ni kufuata njia ya tone kurudi nyumbani kwake.

Njia rahisi ya kufuata ni kujenga vizuizi vidogo. Chukueni udongo wa mfinyanzi au tambara lililokunjwa likapakwa grisi, mkazibe ngama kwa vipande: kimoja mbele ya injini, kimoja nyuma ya injini, kimoja karibu na pale shafti inapotokea. Sasa ngama ina vyumba vinne badala ya kimoja. Baada ya saa chache mtajua ni chumba gani kimepata maji na kipi kimebaki kikavu. Ni kazi ya dakika kumi na inaokoa pesa nyingi. Msisahau tu kuviondoa kabla ya safari.

Yanaingia lini?

Swali hili ni bora kuliko "yanaingia wapi?", kwa maana jibu lake linaondoa nusu ya mahali pa kutafuta. Tafuteni mkebe mmoja, wa kilo moja wa Kimbo au mwingine wowote, uwe ndio kipimo chenu siku zote. Kisha pimeni mara tatu. Kwanza, boti ikiwa imefungwa gatini usiku kucha, injini imezimwa. Pili, boti ikiwa bado imefungwa lakini injini inanguruma kwa nusu saa. Tatu, baada ya safari ya kawaida ikiwa na mzigo wa kawaida.

Kama maji yameingia boti ikiwa imelala tu, shida iko kwenye mbao, kwenye bilula ya chini, kwenye usukani au kwenye glandi ya shafti. Injini haina kesi, na msiiguse. Kama usiku kulikuwa kukavu lakini injini ilipowashwa maji yakaja, basi mbao ndizo zisizo na kesi. Angalieni pampu ya maji, mipira, bomba la moshi na tena glandi. Na kama pote palikuwa pakavu mpaka siku ya mzigo, tafuteni ubao ulio juu ya usawa wa maji ambao huzama tu boti ikielemewa, au tundu la kutolea moshi ambalo mawimbi hulifikia. Kuna boti zinazovuja siku ya soko peke yake, na wenyewe wanasema zina mashetani. Zina ufa juu ya usawa wa maji.

Mvua nayo isisahaulike. Boti ikikutwa na maji asubuhi baada ya mvua ya usiku, hesabu ya usiku huo haifai. Rudieni usiku mkavu. Ukitaka kujua kama sitaha inavuja, koroga rangi ya mikeka kwenye ndoo ya maji, mwaga juu polepole, kisha tazama chini kama maji ya rangi hiyo yametokea.

Kuna kipimo kingine cha wale walio baharini. Kingeni tone safi linaloanguka, kabla halijagusa tope la ngama, muweke kijiko kimoja kwenye kifuniko cheusi cha sufuria juani. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo yakikauka yataacha ukungu mweupe unaoonekana wazi. Maji ya mvua hayaachi kitu cha maana. Kama injini yenu ina maji yake ya kuzunguka ndani, yaliyotiwa dawa ya rangi ya kijani au nyekundu, rangi yenyewe itawaambia, na kiwango kwenye tangi lake dogo kitakuwa kimeshuka. Dawa hiyo ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo asionje mtu, na watoto na paka wakae mbali. Ndugu zetu wa ziwani hawawezi kutumia kipimo cha chumvi. Wao wategemee hesabu ya mkebe na vile vizuizi vya udongo.

Njia ya maji kwenye injini

Ni vizuri kila mwanachama anayesafiri na boti aijue njia hii, si nahodha peke yake. Maji ya bahari huingia kwa bilula iliyo chini ya boti, hupita kwenye kichujio, yakavutwa na pampu, yakaipoza injini, kisha yakatoka nje, mara nyingi pamoja na moshi. Fuateni njia hiyo kwa mkono na tochi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mahali mpira unapoungana na chuma, bonyezeni. Mpira mzuri unarudi. Mpira uliozeeka unapasuka nyufa ndogo au umekuwa mlaini kama andazi. Klipu zenye kutu zibadilishwe, na pale kwenye bilula ya chini pawekwe klipu mbili badala ya moja. Bilula yenyewe ifungwe na kufunguliwa kila mwezi. Bilula iliyoganda wazi haiwezi kuwasaidia siku ya shida.

Pampu ya maji inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoleta maji na oili pamoja. Ndani yake mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, mafundi huliita impela. Upande mmoja wa pampu mna maji ya bahari, upande wa pili mna oili ya injini, na katikati kuna sili mbili: moja ya kuzuia maji, nyingine ya kuzuia oili. Kati ya sili hizo mbili pampu nyingi zina kitundu kidogo kinachotazama chini. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi. Kikidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Kikidondosha oili, sili ya oili ndiyo imekwisha. Kisipodondosha kitu, zote ni nzima.

Sasa, wapo wanaoona kitundu kinavuja wakakiziba kwa gundi au kijiti, na uvujaji ukaacha kweli, na fundi akasifiwa. Maji ambayo yangetoka nje sasa yamekosa njia, na njia iliyobaki ni kupita sili ya pili na kuingia ndani ya injini. Bei ya sili mbili ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya injini. Mkiona kitundu cha pampu yenu kimezibwa, kizibueni leo.

Glandi ni pale shafti inapotoka nje ya boti. Ndani yake imezungushiwa kamba yenye grisi inayobana shafti ili maji yasiingie, na glandi ya namna hii inapaswa kudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka. Matone hayo ndiyo yanayoipoza. Injini ikizimwa, yaache au yabaki kidogo mno. Mtu asiyejua akiona matone hayo hukaza nati mpaka pawe pakavu kabisa. Kamba inaungua, shafti inachimbika mfereji, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia tena. Kama glandi inamwaga, zimeni injini, kazeni nati zote mbili sawasawa, robo ya mzunguko au chini ya hapo, muwashe tena na kungoja. Baada ya safari, zimeni kwanza, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kushikilia, imebanwa mno. Nguo ndefu, leso na kanzu vikae mbali na shafti inayozunguka, na mikono pia.

Usukani usipitwe, kwani bomba lake hupita kwenye mbao kama shafti, lakini hukaa mahali pembamba ambapo mtu mnene hafiki. Tumeni kijana.

Mkibaki na mbao peke yake

Hapo ndipo fundi wa kalafati anapohitajika, na hata hapo msimwachie akisie. Ipwelezeni boti siku ya maji ya bamvua, ikae juu ya mchanga imara na kuegemezwa vizuri pande zote mbili. Maji yakishapwa na nje pakakauka, mwageni maji ndani ya ngama, kidogo kidogo, huku watu wawili wakitembea nje na chaki. Maji yaliyokuwa yakiingia sasa yatatoka kwa tundu lilelile. Kila panapolia pachorwe. Msijaze mno: pipa moja la lita 200 lina uzito wa kilo 200, na boti iliyo nchi kavu haina maji ya kuishika kutoka nje. Nusu pipa mara nyingi linatosha.

Mkiona doa la kutu limezunguka kichwa cha msumari, huo msumari umekonda ndani ya ubao, na pamba haitasaidia mpaka utolewe. Mkiona vitundu vidogo vya duara kama vya sindano, hao ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na mara nyingi ndani wamekula zaidi ya inavyoonekana nje. Chomeni kwa ncha ya kisu. Fundi mzuri atafurahi kuoneshwa alama za chaki. Yule anayekasirika na kusema yeye hahitaji kuoneshwa, muulizeni bei yake kwanza.

Na boti ya mbao iliyokaa juani wiki kadhaa huvuja ikirudishwa majini. Mbao zimekauka na kunywea. Ipeni siku moja au mbili zinywe maji na kujaa, mkiwa mnalinda na ndoo karibu, ndipo mwanze kupima.

Oili ina rangi zake

Sasa tuje kwa oili. Kabla ya kusema "injini inavuja", jueni ni mafuta gani hayo. Chovyeni karatasi nyeupe. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Oili ya gia katika boti nyingine ni nyekundu, katika nyingine ni ileile ya injini lakini hubaki safi zaidi. Dizeli ni nyepesi, ina harufu yake, na tone lake likiangukia maji hutanda upesi kama upinde wa mvua. Kama mnayoyaona ni mekundu na mmekuwa mkiishughulikia sampu ya injini, mmekuwa mkimtibu mgonjwa asiye mgonjwa.

Safisheni injini yote, ikauke, kisha nyunyizeni poda ya watoto au unga laini kwenye sehemu mnazoshuku, mbali na mikanda na mahali pa kuvuta hewa. Tandikeni magazeti au kadibodi chini. Washeni dakika 15, zimeni, angalieni kwa tochi. Tafuteni mahali pa juu kabisa palipolowa. Oili haipandi. Gasketi ya kifuniko cha vali, kule juu kabisa, ikivuja kwa nyuma, oili huteremka kando ya injini na kudondokea chini ya flaiwili, na fundi akiiona pale anasema sili ya nyuma imekufa. Kubadilisha sili ya nyuma ni kutenganisha injini na giaboksi. Kubadilisha gasketi ya juu ni kazi ya saa moja. Ndiyo maana poda ya watoto ina faida kubwa kuliko bei yake.

Oili inayodondoka hata injini ikiwa imezimwa hutoka mahali oili inapolala: nati ya kumwagia, gasketi ya sampu, au sampu yenyewe. Oili inayotoka injini ikinguruma tu hutoka kwenye njia ya msukumo, kama filta, au kile kibomba chembamba kinachokwenda kwenye geji, ambacho hutikisika mpaka kikapata ufa mwembamba kama unywele. Filta ikiwa imebadilishwa juzi na sasa inamwaga, ifungueni: huenda mpira wa ile ya zamani ulibaki umenata, na sasa iko mipira miwili.

Kama oili inatokea kila mahali kwa pamoja, juu, chini na kwenye sili, msianze kununua sili. Angalieni kwanza bomba la kupumulia la injini. Likizibwa na uchafu, hewa iliyo ndani inakosa pa kutokea na inasukuma oili popote palipo dhaifu. Lizibueni, endesheni siku mbili, mtazame tena.

Na hapa ndipo maji na oili vinapokutana. Sampu ni sehemu ya chini kabisa ya injini, na mara nyingi ni ya bati. Ngama ikiachwa na maji ya chumvi yanayofika kwenye sampu, kutu huila kutoka nje, polepole, mahali ambapo jicho halifiki. Siku inapotoboka, oili yote inaweza kuondoka katikati ya safari na injini ikashika. Kwa hiyo yule mwanachama anayesema "ni maji kidogo tu, hayazamishi boti" anasema kweli kuhusu boti, lakini si kuhusu injini. Piteni mkono chini ya sampu injini ikiwa imepoa. Rangi iliyovimba kama malengelenge ni dalili.

Dalili ya kusimamisha safari

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nahodha achomoe kijiti cha kupimia oili. Wengi huangalia kiwango tu. Aangalie na rangi. Oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na injini hiyo isiwashwe hata kama abiria wameshalipa. Ukiwa na shaka, weka tone moja kwenye kipande cha bati lililopata moto, ukisimama mbali kidogo. Oili safi inatoa moshi tu. Yenye maji inalia na kurusha kama samaki kwenye karai. Njia nyingine ni kuacha injini itulie usiku kucha, halafu kulegeza kidogo nati ya kumwagia sampu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwapo yatatangulia.

Kiwango kikipanda badala ya kushuka, msishangilie. Ama ni maji, ama ni dizeli inayoingia kupitia pampu ya kusukumia mafuta. Nusa kijiti, kisha sugua kati ya vidole. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haiwezi tena kulinda vyuma, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuichoma na kukimbia yenyewe bila kuzimika kwa njia ya kawaida.

Daftari la oili

Turudi kwa nahodha wetu anayeshukiwa. Katibu aweke daftari dogo ndani ya boti, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila asubuhi iandikwe tarehe, kiwango cha kijiti, oili iliyoongezwa, saa za safari za jana na mikebe ya maji iliyofuliwa. Kijiti kipimwe wakati uleule, injini ikiwa baridi na boti haijapakiwa, kwa maana boti iliyoinama hutoa kipimo cha uongo. Chini ya injini iwekwe sinia bapa ya kukingia, na kilichomo kipimwe kila Jumamosi.

Baada ya mwezi hesabu zinaanza kusema. Tuseme mmeongeza lita 2 na kwenye sinia mmekuta lita moja na nusu. Nyingi mmeziona. Nusu lita iliyobaki huenda imeungua, na moshi wa rangi ya bluu utaonesha hivyo. Kama sinia ni kavu na moshi ni safi, tazameni maji yanayotoka na moshi upande wa nje: utando wa mafuta hapo unaweza kuonesha kwamba oili inapita kwenye kipoza oili na kutokea baharini moja kwa moja bila kugusa ngama. Haiko ndani ya boti wala haiko mfukoni mwa mtu. Mkishaangalia sinia, moshi na maji ya nje, na bado hesabu haifungi, hapo kamati ina haki ya kuuliza maswali mengine. Si kabla.

Ile mitungi ya tope mliyoiweka kando, iacheni itulie siku mbili. Oili itapanda juu na inaweza kuondolewa kwa kikombe na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Maji ya chini bado yana mafuta. Yapitisheni kwenye matambara na myaweke mbali na bahari na visima. Sheria ya Kenya ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga oili kwenye mazingira, na hata bila sheria, walaji wa samaki na kaa wa hapo gatini ni sisi wenyewe. Kumwaga sabuni juu ya utando wa mafuta hakuondoi kitu. Kunauvunja vipande vidogo na kuusambaza majini usionekane. Na oili chafu isipakwe kwenye mbao za boti badala ya sifa, kwa maana ubao ulioinywa haushiki rangi vizuri tena.

Kabla abiria hawajapanda tena, kuna kazi moja ya mwisho ya seremala. Achonge kizibo cha mbao laini, chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine kama karoti, kimoja kwa kila bilula iliyo chini ya maji, kwa upana wa tundu lake. Kila kizibo kifungwe kwa kamba fupi kwenye bilula yake, si ndani ya sanduku la vifaa lililo chini ya magunia, ili mpira ukichomoka usiku mkono ukipate bila taa. Nyundo ndogo ining'inizwe karibu.